Afadhali Programu Ikatae Kuliko Inyamaze

Leo nawaletea mada isiyo ya kila siku: programu zinazogeuza modeli za baiolojia kutoka fomati moja hadi nyingine. Msikimbie, nitaeleza polepole. Mimi nilisomea kompyuta, baiolojia niliiaga kidato cha nne, kwa hiyo nitatumia lugha niliyoielewa mwenyewe.

Wanabaiolojia siku hizi hueleza kazi za seli kwa hesabu. Mfano unaopendwa sana ni wa Michael Elowitz na Stanislas Leibler, uliochapishwa mwaka 2000: jeni tatu ndani ya bakteria, kila moja inaizima inayofuata, na ya tatu inaizima ya kwanza. Matokeo yake, protini zinapanda na kushuka kwa zamu. Modeli yenyewe ni milinganyo michache tu, lakini kila maabara ina programu yake ya kuikokotoa. Bila lugha ya pamoja, kila mtu angeichapa upya kutoka kwenye makala, na tunajua vidole vya binadamu.

Ndiyo maana mwaka 2001 zilitoka lugha mbili, zote zimejengwa juu ya XML. SBML ilianzia Caltech, Marekani, na CellML ilitoka Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Tangu 2005 kuna pia hazina iitwayo BioModels, iliyo chini ya EMBL-EBI huko Uingereza, ambako yeyote anaweza kupakua modeli bure. Ile ya jeni tatu imo.

Shida ni kwamba lugha hizi hazifikiri sawa. SBML inaeleza mmenyuko: kitu hiki kinageuka kuwa kile. CellML inajikita kwenye vigezo na milinganyo. Tena CellML inadai kila namba iwe na kipimo chake, ilhali SBML inakuruhusu kuviacha vipimo. Mwambie mtu aitafsiri "alifika jana" kwa Kiingereza. Itabidi aamue kama ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo sentensi haikusema. Akiirudisha kwa Kiswahili, habari hiyo inapotea tena. Programu ya kugeuza modeli hufanya hivyo hivyo: mahali pengine inabuni, mahali pengine inatupa.

Kubuni na kutupa si dhambi. Dhambi ni kunyamaza.

Rafiki yangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili katika famakolojia aliniletea faili ya SBML. Katika modeli hiyo, dawa inaingia mwilini saa ya 24. SBML ina namna yake ya kuandika jambo la aina hiyo, inaitwa tukio: wakati ukifika, badilisha thamani hii. Alikuwa ameigeuza kwa skripti aliyoipata mtandaoni, inayotoa milinganyo mitupu. Skripti haikulalamika. Grafu ilichorwa vizuri, mstari laini kabisa, na ilionyesha kwamba dawa haifanyi chochote. Kumbe dawa yenyewe haikuingia! Skripti haikujua tukio ni nini, ikaliruka.

Hebu fikiria sentensi ambayo ingeandikwa kwenye tasnifu: "dawa haina athari."

Nilimwandikia programu ndogo ya Python inayotumia libSBML, maktaba huria ya kusoma faili hizo. Kabla ya kugeuza chochote, inapitia faili na kuorodhesha kila kisichoweza kuvuka. Orodha ikiwa na kitu hata kimoja, inasimama. Akaniambia, "Kaka, mimi nataka grafu, wewe unanipa hotuba." Anasema ingetosha kutoa onyo na kuendelea, kwa sababu saa tano usiku mwalimu anasubiri kazi. Mimi nasema onyo ambalo halikuzuii kitu halisomwi na mtu, hasa saa tano usiku. Hatujaafikiana, ila tukio lake sasa limeandikwa kwa mkono na mstari wa grafu umepinda saa ya 24.

Msidhani hili ni la wanafunzi peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulijaribu kurudia modeli 455 zilizokwisha kuchapishwa, na karibu nusu hazikuweza kurudiwa kwa habari zilizomo kwenye makala. Sababu ni nyingi, na programu za kugeuza si mshtakiwa pekee. Lakini kila habari inayodondoka njiani kimya kimya inafanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

Vifaa vizuri vipo. Kuna SBFC, iliyoandikwa kwa Java, na kuna Antimony, inayokuwezesha kuandika modeli kwa maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma bila kuumwa macho. Zote ni programu huria. Hata ukitumia hizo, fanya jaribio hili rahisi: kokotoa modeli kabla ya kuigeuza, ikokotoe tena baada ya kuigeuza, kisha laza mistari miwili ya grafu mmoja juu ya mwingine. Ikiachana, tafuta kilichodondoka.

Nanyi mnaoandika programu za aina yoyote ya kugeuza, iwe ni za benki, ramani au herufi, nawaomba: programu yenu isipoelewa kitu, iseme. Mtumiaji atanuna kidogo, lakini atajua alichokosa.