Vidonge Vitatu

Vidonge vya SP ni vitatu, na mjamzito huvimeza palepale kliniki, mbele ya muuguzi. Kila kimoja kina salfadoksini miligramu 500 na pirimethamini miligramu 25. Kwetu Ngarambe, mbu hawana likizo, na malaria ya mimba huweza kumnyima mtoto uzito au kuiharibu mimba yenyewe.

Dada yangu hakutaka kuvimeza. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii aliilinda kama yai.

"Wewe ndiye msomi, mdogo wangu. Hii dawa inafanya nini humo ndani?"

Nilimweleza kwamba seli inayogawanyika huhitaji folati ili itengeneze DNA. Sisi tunaipata kwenye chakula: mchicha, kisamvu, kunde. Kimelea cha malaria hujitengenezea. Salfadoksini huzuia hatua ya mapema ya kazi hiyo, pirimethamini huzuia nyingine mbele yake. Kimelea kinashindwa kuzaana.

"Basi ni sumu."

Sikubisha. Mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba aminopterini, inayozuia folati, iliwapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Ndugu yake, methotreksati, ilitumika Afrika Mashariki miaka ya 1960 kwa watoto wenye uvimbe wa taya aliouchunguza Denis Burkitt huko Uganda. Methotreksati na pirimethamini hubana kimeng'enya cha aina moja. Ila pirimethamini hukibana cha kimelea kwa nguvu zaidi kuliko chetu, wakati methotreksati haichagui, na mjamzito hapewi kutibiwa malaria.

"Na kimelea hakijaizoea?"

Kimeizoea, kwa sehemu. SP ilipokea kijiti cha klorokwini nchini mwaka 2001, na miaka michache baadaye ikaipisha dawa mseto katika tiba. Imebaki kuwa kinga ya wajawazito, baada ya miezi mitatu ya mwanzo, dozi hadi dozi zikipishana mwezi au zaidi.

Nilimpa swali moja la kwenda nalo: asidi ya foliki anayopewa ni miligramu ngapi? Ya 0.4 haina neno. Ya 5 hupunguza nguvu ya SP. Alimwuliza muuguzi, wakasoma kopo pamoja. 0.4. Ndipo akaomba maji.

Ana miezi saba sasa. Amemeza dozi mbili, analala ndani ya chandarua, na bado hasemi jina alilomchagulia mtoto.