Hesabu Ibaki Nchi Kavu

Jumanne, 10 Septemba 2024. Wete

Asubuhi tumesoma hitma nyumbani kwa shangazi. Mwaka wa 13 huu. Tulikuwa wanawake kumi na wanane, juzuu zimegawiwa, vitumbua vimefunikwa kwa kawa. Shangazi amekaa palepale anapokaa kila mwaka, karibu na mlango, uso kauelekeza njiani.

Mwanawe alipanda meli ya Spice Islander pale Malindi, Unguja, usiku wa tarehe 9 Septemba 2011. Sikukuu ilikuwa imepita si siku nyingi, watu wanarudi makwao, watoto wanarudi skuli. Meli iliondoka kiasi cha saa 3 usiku kuja huku Wete. Kufika saa 7 ilikuwa imeshapinduka kwenye mkondo wa Nungwi. Waliopona, wengine waliponea kwenye magodoro yaliyokuwa shehena, mpaka wavuvi wakawafikia kulipokucha. Maiti zililazwa viwanja vya Maisara. Mimi nilikwenda siku mbili, nikafunuliwa shuka moja baada ya moja. Sikumwona.

Mpaka leo linalomkereketa shangazi ni tiketi. Kijana alisafiria tiketi ya rafiki yake aliyeahirisha safari. Kwa hiyo jina lililoandikwa, kama liliandikwa, ni la mtu aliye hai. Yake halimo popote. Mkewe alikaa miezi hajui aanze eda lini, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba mume alipanda. Sala ya ghaibu tulimsalia tumesitasita, kama watu wanaoogopa kumzulia.

Meli ilikuwa na ruhusa ya abiria wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi ilitaja watu 1,573, waliokufa pamoja na wasioonekana. Maiti zilizopatikana ni 203. Baina ya namba hizo mbili wamo watu 1,370, na mmoja wao ni wa shangazi.

Wakati wa kuagana kanishika mkono. "Kudura siipingi, mwanangu. Siku yake ilifika. Lakini mtu apande chombo kizima, asijulikane kuwa alipanda?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake hapa daftarini ili nisilisahau.

Jumamosi, 14 Septemba. Ndani ya boti, Mkoani kwenda Unguja

Abiria ni wengi kwa ajili ya Maulidi. Pale langoni nilisimama pembeni nikimtazama karani, kijana mpole, kalamu sikioni. Kila abiria anatoa tiketi, yeye anaichana, kipande kimoja anakitia kwenye kikopo cha plastiki, kingine anamrudishia mwenyewe. Mbele yangu alikuwa mama kampakata mtoto mchanga, na mwingine wa miaka mitatu hivi kamng'ang'ania kanga. Tiketi moja. Kikoponi kikaingia kipande kimoja.

Nikamwuliza, "Na hawa wawili, mwanangu, umewaandika wapi?"

"Hao wadogo, mwalimu. Hawakati tiketi."

"Kwamba hawalipi najua. Wamehesabiwa wapi?"

Akanitazama, kisha akakitazama kikopo chake. Nyuma yangu watu wanasukumana. "Pita mwalimu, tutachelewa."

Sina la kumlaumu. Kazi aliyopewa ni ya nauli, na kwa upande wa nauli kikopo chake kilikuwa sahihi kabisa. Ila chombo kikipatwa na jambo, mtu wa kwanza kuulizwa "walikuwemo wangapi" atakuwa yeye, naye atakwenda kuhesabu vipande vya tiketi. Wale watoto wawili hawatatokea.

Bahari leo shwari. Yule mdogo amelala tangu tung'oe nanga.

Ijumaa, 20 Septemba. Unguja

Leo miaka 6 ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio kule Bugolora, Ukerewe, ziwa Victoria. Watu walikuwa wanarudi Ukara na mahindi yao, simenti yao, sare za watoto. Kivuko kilijengwa kwa watu 101. Kilipinduka kimekaribia gati ya Bwisya, mahali ambapo aliyesimama ufukweni aliweza kumtambua ndugu yake juu ya kivuko. Waliofariki ni 228, waliookolewa 41.

Jambo moja katika taarifa za siku zile sijaacha kulifikiria. Serikali ilipoulizwa abiria walikuwa wangapi, jibu lilikuwa kwamba mkata tiketi naye amefariki, na mashine yenye hesabu imepotea majini. Hesabu ilisafiri pamoja na abiria, ikazama pamoja nao.

Wazamiaji wakawa wanatafuta bila kujua wanatafuta wangapi. Siku ya pili baada ya ajali wakamtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kilichokuwa kimelala juu chini. Siku mbili gizani, maji yamemzunguka. Nikiwaza habari yake nafahamu kuwa orodha ina kazi kabla ya maziko. Mwokoaji mwenye idadi mkononi anajua bado nani hajatoka. Asiye nayo ataacha kutafuta mikono ikichoka.

Ziwa ni lilelile la MV Bukoba, 21 Mei 1996. Ile ilikuwa na nafasi ya watu 430, na waliokufa walizidi 800. Ilipopinduka watu walisikika wakigonga ndani, bati likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa imebaki ikatoka, na meli ikashuka. Daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha yenye watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa, hata chombo kikajaa kupita kiasi na karatasi haikuonyesha ukubwa wa ubaya wenyewe.

Alhamisi, 26 Septemba

Miaka 22 ya ajali ya meli ya Le Joola, ya Senegal. Mwalimu mwenzangu wa Kifaransa ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, nami tangu hapo huikumbuka pamoja na yetu.

Ilitoka Ziguinchor, Casamance, kwenda Dakar. Casamance kulikuwa na vita vya miaka mingi na barabara ilikuwa ya hatari, kwa hiyo wachuuzi, wanajeshi na wanafunzi waliokuwa wanarudi masomoni wote walitegemea meli. Nafasi zilikuwa za watu wapatao 580. Usiku, katika bahari ya Gambia, upepo na mvua vikaikuta imejaa hadi juu, ikalala ubavu, na dakika chache tu ikawa imepinduka. Hesabu ya serikali ni watu 1,863 waliokufa, zaidi ya Titanic. Waliopona ni 64, na mwanamke ni mmoja tu kati yao.

Tiketi zilizouzwa zilikuwa elfu moja na kidogo. Waliobaki ni watoto wasiolipa na watu waliopanda hivihivi. Uchunguzi uliishia kumtia makosani nahodha, naye alikuwa amekufa majini. Meli ingali chini pale, na familia zinaendelea kuomba iinuliwe.

Kwetu tumezoea kusema ajali haina kinga. Msemo huu nausikia kila msiba, na mfiwa unampoza. Lakini upepo wa Gambia haukujua tiketi ni ngapi. Ulikuta uzito wa watu karibu 2,000 juu ya chombo cha watu 580. Hayo yalikuwa yameshatendeka gatini mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wazima, saa nyingi kabla ya dhoruba.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo ajali ya meli ya Estonia imetimiza miaka 30. Ilikuwa safarini kutoka Tallinn kwenda Stockholm, dhoruba ikaung'oa mlango wa omoni, maji yakajaa sitaha ya magari. Chini ya saa moja ilikuwa imezama.

Nimeziandika namba zake mara mbili. Walikuwemo 989. Waliopona 137. Waliokufa 852. Zijumlishe, zinakubaliana. Maiti nyingi hazikutolewa kabisa, ziko chini ya Baltiki, na mwaka 1995 mahali pale palifanywa kaburi kwa mkataba. Hata hivyo familia zilijua ndugu zao walikuwemo. Kule Stockholm kuna ukuta uliochongwa majina ya wengi wao.

Miaka 4 baada ya ajali ile Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria: abiria wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na kwa safari ndefu waandikwe majina, watoto wachanga nao, na orodha ikabidhiwe mtu wa nchi kavu. Nimeyapigia mstari maneno hayo mawili, nchi kavu. Kule Ukara orodha ya nchi kavu haikuwepo.

Upo pia mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa 1914 baada ya Titanic, nao unataka watu wahesabiwe. Lakini kwa kawaida unahusu safari za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mkondo wa Nungwi uko ndani ya nchi moja. Bugolora na Bwisya vilevile. Kwetu inabaki kazi ya sheria zetu wenyewe, na ya kijana mwenye kikopo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jana asubuhi boti imezama Goma, ziwa Kivu, ikitoka Minova, imebakiza kidogo tu kufika bandari ya Kituku. Watu walikuwa ufukweni wanawangoja ndugu zao, wakaiona ikilala. Nimeiangalia video mara moja, sirudii. Goma wanasema Kiswahili. Anayelia kule namfahamu bila mkalimani.

Barabara ya Minova imefungwa na vita, kama ile ya Casamance. Gavana wa Kivu Kusini anasema waliokufa ni 78 na waliopanda walikuwa 278. Wengine wanataja namba nyingine. Orodha haipo.

Jioni nimempigia shangazi simu. Redio ilikuwa imeshamwambia. Akaniuliza wangapi, nikamwambia hesabu hazikubaliani. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kesho mnakuja?"

Tunakwenda. Ameomba kumwona kitukuu. Nimeandika karatasi mbili. Moja namwachia jirani ukutani kwake, juu ya kalenda, na nyingine ni hii hapa.

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Boti ya asubuhi, Malindi kwenda Mkoani.
Mimi mwenyewe, miaka 58.
Binti yangu, miaka 27.
Mwanawe wa kike, miezi 8, hana tiketi.
Jumla watu watatu.