Lebo ya Koti

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani. Siku moja mteja alimletea lebo ya kampuni ya Ulaya, aliyoifumua kutoka koti kuukuu, akamwomba aishone kwenye koti jipya. Baba akaishona, akalipwa. Lakini usiku ule hakula. "Kazi ni yangu," alisema, "jina ni la mwingine."

Niliyakumbuka maneno hayo niliposoma habari za makampuni ya mavazi ya fahari yanayofungua hoteli. Mwaka 2000 hoteli yenye jina la Versace ilifunguliwa Gold Coast, Australia. Mwaka 2010 ikafuata ya Armani, ndani ya Burj Khalifa huko Dubai, jumba lenye urefu wa mita 828. Mgeni huulipia usingizi kama alivyolilipia koti: hulipia jina.

Lakini, ndugu msomaji, mwaka 2023 hoteli ile ya Gold Coast iliacha kuitwa Versace. Jumba lilibaki palepale. Jina, kama nguo ya kuazima, likarudi kwa mwenyewe.

Hapo nilitambua ni nani hasa anayempokea mgeni. Ni yule aamkaye alfajiri kufua na kunyoosha shuka, ambaye jina lake halishonwi popote. Mtu huyo anastahili shukrani angali hai. Koti lile la baba lilikuwa zuri mno, nami nililiona. Sikumwambia.