Kumenya Vitunguu Katika Harusi ya Ndugu



Sisi madada watatu tulilelewa katika nyumba ambayo jioni ya Jumamosi ilikuwa ya filamu za Kihindi. Kanda ya video ilikodiwa dukani, mkeka ukatandikwa, na majirani wakaingia bila kubisha sana. Kihindi hatukukijua, lakini stelingi tulimtambua mara tu alipotokea. Filamu zina mema na maovu yake, na hatukukusudia hapa kuzisifu. Tunataka kueleza jambo moja tulilolipata humo tukiwa watu wazima.

Mwaka 1998 ilitoka filamu ya Kuch Kuch Hota Hai. Stelingi alikuwa Shah Rukh Khan. Salman Khan, ambaye naye alikuwa stelingi mkubwa tangu mwaka 1989, aliingia filamu ikiwa imeshasonga mbele, akiwa mchumba ambaye mwisho humwachia mwenziwe bibi harusi. Waigizaji wengine walikuwa wameikataa sehemu hiyo. Mama yetu alistaajabu: mtu mkubwa vile, kaja kuachwa!

Baadaye wawili hao walikosana. Ilikuwa mwaka 2008, na kwa miaka mitano hawakuwa na maelewano. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2013, mwanasiasa Baba Siddique aliwaalika wote wawili kwenye futari mjini Mumbai, na hapo wakakumbatiana mbele ya watu. Mwaka 2017 Shah Rukh alitokea kwa dakika chache katika Tubelight, filamu ya Salman, akiwa mfanya mazingaombwe. Januari 2023 Shah Rukh alirudi na Pathaan baada ya miaka minne bila filamu yake mwenyewe. Ndani yake amefungwa garini moshi na anapigwa, na anayekuja kumwokoa ni Salman. Novemba mwaka huo huo, katika Tiger 3, Shah Rukh alikwenda kumwokoa Salman.

Atasema msemaji kwamba filamu hizi mbili za mwisho ni za kampuni moja, na kwamba nyota wawili huuza tikiti zaidi ya mmoja. Ni kweli. Lakini Tubelight haikuwa ya kampuni hiyo. Na hata penye biashara, mtu aliyezoea kuwa wa mbele hulazimika kwanza kukubali kuwa wa pembeni katika shughuli ya mwenziwe. Hilo ndilo lililotushinda sisi.

Miaka mitano iliyopita binti ami yetu alimwoza binti yake wa kwanza. Kwa muda mrefu pilau la harusi za ukoo lilikuwa letu: sisi tulipima mchele, sisi tulisimama kwenye masufuria. Safari hiyo alimwita mpishi mwengine, akatuomba sisi tuje tumenye vitunguu maji na thomu. Tulichukia. Tulikwenda kama wageni, tukala, tukaondoka kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Tangu hapo, tukikutana matangani, tulipeana ncha za vidole. Dini yetu imetukataza kumhama ndugu kupita siku tatu. Sisi tulihesabu miaka. Na kwa nini alimwita mpishi yule hatujui hadi leo, maana hatukumwuliza.

Mwezi uliopita ilikuja kadi ya harusi ya binti yake wa pili. Majina yetu yaliandikwa vizuri, bila neno lolote la jikoni. Tulikuwa tumealikwa kama wageni, vile vile tulivyojifanya. Kadi ile ilituuma kuliko vitunguu.

Usiku mmoja watoto walikuwa wakitazama Pathaan, na mdogo wao akauliza mbona yule mtu mkubwa amekuja mara moja tu, kisha akaenda zake. Dada yetu mkubwa akamjibu, “Kaja kumsaidia mwenzake.” Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza, kwani kila mmoja alijua mwenziwe anamfikiria nani.

Asubuhi yake dada alipiga simu. Hakuzungumza habari za mchele wala masufuria. Alisema, “Mwana wa ami, tunaomba vitunguu.” Upande wa pili palikuwa kimya kwa muda, hata tukadhani simu imekatika. Kisha tukasikia sauti iliyokuwa imebadilika: “Njooni Alhamisi baada ya alasiri. Na mje na visu vyenu, vyangu ni vibutu.”

Ndugu ni kufaana, si kufanana. Ukikutana nasi Alhamisi na macho mekundu, ndugu msomaji, usitupe pole. Na kama nawe una kadi kabatini ambayo hujaijibu, ijibu kabla ya siku ya harusi.

Wabillahi tawfiq.