Jina la Mtu Halikisiwi

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuwa karani wa parokia, nilidhani najua yote. Siku moja katekista wetu alinikuta nikiandika jina la mtoto kwa kukisia katika kitabu cha ubatizo. Akasema, "Karani, jina la mtu halikisiwi." Nilimjibu kwa ukali. Yeye akanyamaza, akaenda kwa miguu hadi kwa wazazi, akarudi jioni na jina kamili. Tangu hapo tukawa marafiki wa kula sahani moja, lakini radhi sikumwomba. Mwaka jana nililiandika jina lake katika kitabu cha wafu, herufi kwa herufi. Kila tarehe 2 Novemba nitamwombea. Nawe mwenye deni kama langu, mwendee mwenzako angali hai.