Sinia Linalotangulia

Kazi iliyonilisha na kuwasomesha wanangu ni kazi ya jiko, na katika jiko lenyewe fungu nililolipenda kuliko mafungu mengine yote ni lile la vitafunio vya kuku, yaani vile vipande vidogo vinavyowekwa mbele ya mgeni baada ya kuketi na kusalimiwa, kabla ya chakula chenyewe kupakuliwa. Wako watu wanaovihesabu kuwa pambo tu, au anasa ya watu wa mjini walioshiba. Mimi, baada ya kuviandaa katika nyumba za matajiri na za watu wa hali ya chini, naamini kwamba sinia hilo dogo linalotangulia ndilo linalomtoa mwenye nyumba jikoni na kumkalisha karibu na mgeni wake, na kwamba hakuna takrima inayopita hiyo ya kukaa pamoja. Wepesi wa vitafunio hivi, kwa hiyo, hutokana na kazi iliyokwisha kufanywa mapema, jana yake au alfajiri, ili jioni ikifika mikono iwe huru na moyo uwe umetulia.

Nilizaliwa Njoro, katika shamba moja la ngano lililokuwa bado mikononi mwa walowezi, wazazi wangu wakiwa wamehama kutoka pande za Kakamega kufuata kazi, kama walivyofanya Waluhya wengine wengi waliokaa katika mabanda ya wafanyakazi wa mashamba hayo. Kwetu mgeni hakupokewa bila kuku. Kufika kwa mjomba kulimaanisha jogoo mmoja kufukuzwa uani na watoto, kuchinjwa, kunyonyolewa, kubabuliwa juu ya moto, na hatimaye kugawanywa kwa sheria ambayo hapana aliyethubutu kuivunja: firigisi ilikuwa ya baba, naye aliitoa kwa mgeni alipotaka kumwonyesha taadhima, mapaja na kidari vilikwenda kwa wanaume, sisi watoto tulingoja shingo na miguu, na mama, aliyekuwa ameinama juu ya meko tangu mchana, alikula mwisho, na aghalabu alikula mchuzi. Siisemi vibaya desturi hiyo, maana ilikuwa na adabu yake, na ilimjulisha kila mtu daraja lake mbele ya wenziwe. Lakini nilimtazama mama, nikaona kwamba mjomba alikuja, akala, akashukuru, akaondoka, bila ya mama kupata nafasi ya kuzungumza naye, ilhali mjomba huyo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja na njia ya kutoka kwao ilikuwa ndefu.

Mwaka 1971, nikiwa msichana, nilipelekwa Mombasa kwa shangazi yangu aliyeolewa huko, naye akaniombea kazi katika nyumba ya bibi mmoja wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, ambaye nilimwita Mama Mkubwa kama walivyomwita vijana wote wa mtaa ule. Hapo ndipo nilipoyaona maarifa ambayo sikuwa nikiyadhania. Siku moja ya kualika watu, jua likiwa limekwisha kuteremka na jiko likiwa limetulia kabisa, nilishikwa na wasiwasi, nikamwuliza, "Mama Mkubwa, mbona hatupiki, na wageni wako njiani?" Akanijibu huku akijifunga leso safi, "Tumeshapika, mwanangu. Mgeni hakuja kuutazama mgongo wangu." Kisha akaenda kukaa nao, akawauliza habari za wazee na za watoto mmoja mmoja kwa jina, nami nikabaki na kikaango kimoja cha mafuta na sambusa zilizofungwa tangu asubuhi, kazi yangu ikiwa ni kuzitia na kuzitoa tu.

Sambusa ya kuku ndiyo iliyonifundisha kwamba upishi mzuri ni kujua maji yako wapi. Nyama ya kuku, ikiwa imesagwa au imekatwakatwa ndogo kwa kisu, hutiwa katika sufuria bila mafuta, pamoja na thomu na tangawizi zilizopondwa kinuni, chumvi, pilipili manga na bizari ya pilau kidogo, ikakorogwa kwa mwiko juu ya moto wa wastani mpaka maji yake yote yakauke na mlio wa sufuria ubadilike, uache kutokota uanze kuchakarika. Mpishi anayesikia mlio huo hahitaji kuambiwa jambo jingine. Ndipo sufuria huteremshwa, ndimu ikakamuliwa, na vitunguu vilivyokatwa vyembamba, vikatiwa chumvi na kukamuliwa kwa mkono, vikachanganywa humo pamoja na majani ya dania, vyote vikiwa vibichi, kwa kuwa kitunguu kikitiwa motoni mapema hutoa maji, na maji hayo hulainisha manda kwa ndani hata sambusa ikapasuka ndani ya mafuta.

Na manda zenyewe Mama Mkubwa hakuzinunua. Tulikanda unga wa ngano kwa maji na chumvi mpaka ukawa mgumu kiasi, tukakata madonge, tukasukuma vijiduara, tukavipaka mafuta na kuvinyunyizia unga mkavu, tukavipandanisha vinne au vitano, tukavisukuma tena kwa pamoja hadi vikawa kama chapati moja pana, kisha tukaibabua juu ya chuma kwa muda mfupi tu, bila kuiacha igeuke rangi. Ikiwa bado moto huchanuliwa safu kwa safu, na hapo vidole huungua, lakini ukingoja ipoe hazichanuki. Kila duara hukatwa robo nne, kila robo ikakunjwa kuwa kifuko, ikajazwa, ikafungwa kwa uji mzito wa unga. Sambusa zilizofungwa hivyo hukaa zimefunikwa kwa kitambaa kikavu mahali pa baridi, zikingoja wageni.

Niliporudi Njoro, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilifurahi kuona kwamba ule unga niliokuwa nikiukanda pwani asili yake ilikuwa kwetu. Katika ardhi hii ya Njoro ndipo mlowezi Lord Delamere alipopanda ngano kwa ekari nyingi, ikashikwa na kutu, naye akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Kampuni ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 kwa ajili ya ngano hizo, na tangu 1927 pana kituo cha kuzalisha mbegu ambacho hata leo watafiti wa nchi mbalimbali hukijia kuzipima ngano zao dhidi ya kutu ya shina. Mimi si mtu wa elimu hiyo, ila mikono yangu inazijua ngano zetu, kwamba huvutika bila kukatika, na manda nzuri haina siri nyingine kubwa kuliko hiyo.

Niliajiriwa katika jiko la Chuo cha Egerton, ambacho Lord Egerton wa Tatton alikianzisha mwaka 1939 kuwa shule ya kuwafunza ukulima vijana wa Kizungu, na ambacho wakati wangu kilikuwa kimekwisha kujaa vijana wa Kiafrika kutoka kila upande. Mwaka 1987 kikawa chuo kikuu, na wageni wakazidi. Nilipika huko, na siku za mapumziko nikaitwa majumbani mwa walimu waliotaka kukirimu wenzao. Huko majumbani ndiko nilikoijua Njoro kama mpishi. Mji wetu umeinuka takriban mita 2,160 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi tu, badala ya zile 100 za Mombasa. Kuku wa kienyeji, ambaye hata pwani si mwepesi kulainika, hapa hudai saa nyingine nzima juu ya jiko. Asiyelijua hili huwaketisha wageni wake wakamngojea kuku mpaka usiku. Ndiyo maana mimi humchemsha kuku wa kienyeji jana yake, taratibu, katika sufuria iliyofunikwa vizuri, pamoja na tangawizi na kitunguu kizima. Akishapoa naichambua nyama yote, supu yake naiweka kando kwa mlo wenyewe, na ile nyama iliyochambuliwa naiponda pamoja na viazi vilivyochemshwa, dania na pilipili mbichi, nikafinyanga katlesi, nikazichovya katika yai na kuzigaragaza katika chenga za mkate mkavu. Viazi vya nyanda zetu hizi, toka Molo mpaka Mau Narok, ni vikavu na vya unga, na katlesi zake hazifumuki kikaangoni.

Mara ya kwanza mjomba alipokuja nyumbani baada ya kurudi kwangu, nilimwomba mama aketi. Alikataa, akainuka, akaketi tena, akakaa akiyatazama mapaja yake kana kwamba ameketi kwa watu. Nikaleta katlesi na chai ya maziwa, na firigisi nikaikaanga nikaikata vipande vidogo, nikaviweka vya kwanza mbele ya baba, kwa kuwa haki yake sikutaka kuigusa. Naye baba mwenyewe, bila ya kusema neno, alilisukuma sinia likafika kati yao wote watatu. Mama na kaka yake walizungumza habari za kwao mpaka taa ikawashwa.

Kitafunio ninachokisifu kuliko vyote ni kipapatio cha kuku kilichopakwa asali ya Mau. Waogiek wa Mariashoni na Nessuit hutundika mizinga yao katika msitu ulio juu yetu, na asali yao ni nzito na ina uchungu mdogo nyuma ya utamu, ambao hukubaliana na nyama ya kuchoma ajabu. Vipapatio hukatwa katika maungio, ncha ikatupwa katika supu, vikalazwa usiku kucha katika chumvi, thomu, tangawizi, ndimu na pilipili. Siku ya pili huchomwa polepole juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na jivu, vikageuzwageuzwa, na asali haikaribii moto mpaka nyama iwe imeiva hata maji yatokayo karibu na mfupa yawe meupe pasipo wekundu wowote. Hapo ndipo asali iliyochanganywa na ndimu hupakwa kwa brashi, mara mbili au tatu, moto ukiwa hafifu, kwa kuwa asali huungua upesi mno, na ikiungua huwa chungu kabisa. Mishkaki ya kuku ni rahisi zaidi, wala sitarefusha maneno: nyama ya paja, si ya kidari, ilazwe katika maziwa ya mala na bizari, na vijiti virowekwe majini kabla ya kuchomekwa.

Kulikuja kipindi ambacho hakuna aliyealika mtu. Mwanzoni mwa 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwatoa watu wengi majumbani mwao, Njoro na Molo na kwingineko katika Bonde la Ufa, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaogopana. Utulivu uliporejea, akina mama wa mtaa wetu, Wakikuyu na Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na Waturkana, tulikubaliana kukutana kwa zamu nyumba hadi nyumba, na zamu yangu ilipofika sikuthubutu kupika kuku mzima, maana kuku mzima huleta swali la nani apewe paja na nani apewe mgongo, na wakati ule kila swali la fungu lilikuwa na uchungu ndani yake. Kuku walichinjwa na jirani yetu Mwislamu ili pasiwe na atakayejizuia kula, nami nikafanya sambusa na mishkaki ya kipimo kimoja, nikaweka sinia moja katikati ya meza bila sahani za pembeni. Mwanamke mmoja aliyepoteza nyumba alichukua sambusa, akaikata kati, akampa nusu aliyekuwa karibu naye, ambaye kabila lake lilikuwa lile lililotajwa katika msiba wake. Sidai kwamba sambusa ilimaliza jambo lolote. Nasema tu kwamba waliketi, na sinia lilipokwisha waliendelea kuketi.

Siku hizi wanaonijia ni vijana, wengi wao wanawake wenye kazi za ofisi Nakuru, wanaofika nyumbani saa kumi na mbili na wageni wanafika saa moja. Nawaambia wasione haya kutumia kuku wa gredi aliyekwisha kukatwa dukani, maana huyo huiva upesi, na kuku wa kienyeji wamwachie siku ya Jumapili. Kilo moja ya nyama iliyosagwa hujaza sambusa 40 hivi, na mgeni hula tatu kabla ya chakula, kwa hiyo hesabu ya watu kumi na wawili imekamilika hapo. Kufunga wafunge usiku wa jana yake watoto wakiwa wamelala. Jioni ya siku yenyewe wasikaange zote pamoja, bali kidogo kidogo, kwa sababu baridi ya Njoro, hasa ya mwezi wa Julai, hugandisha mafuta juu ya sambusa mara tu inapopoa. Na kikaango wamwachie mtu mmoja ndani ya nyumba, awe mume, awe mtoto mkubwa, apokezane na mwingine kila sinia linapotoka. Wako waume wawili watatu hapa Njoro ambao sasa hukaanga sambusa vizuri kuliko wake zao, na nimewafundisha mwenyewe.