Mexico Yangu Ilikuwa Upper Hill

Kila Februari simu yangu huniumiza roho. Huo ndio wakati wa Abierto Mexicano, mashindano ya tenisi ya Acapulco, na wale watu wa video ninaowafuata huwa wamefika huko mapema. Mechi ni za usiku, bahari iko karibu, mabeste wamekaa mstari mmoja na miwani ya jua hata kama jua limeshazama. Halafu wanaandika, "Nimekuja kusalimia marafiki na kuona tenisi kidogo." Kidogo! Mimi niko Lurambi, stima imepotea, natafuta kibanda chenye sola nichaji simu.

Wengi mmeniuliza mbona mtu wa Kakamega, kwetu kwa mpira wa miguu, Bukhungu na isukuti, anaongea tenisi kila wiki. Jibu ni refu kidogo. Lina basi, lina kuku, na lina uongo niliokuwa nimemwambia mama yangu. Leo naliandika lote, juu nimechoka kuliandika nusu nusu.

Turudi Juni 2023. Nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano hivi, lakini hakuna mtu alikuwa anajua. Nilikuwa nimewaambia wote kwamba nimesimamisha masomo mwaka mmoja, nitarudi Septemba. Ukweli ni kwamba nusu ya karo ya muhula ule niliinunulia simu. Simu nzuri, ya kamera safi. Niliwaza hivi: video zikishika, narudisha pesa kabla ya mtihani. Video moja ilishika, ile ya chapati za mahosteli ya Lurambi. Pesa haikuja. Mtihani ulikuja.

Na kuna sehemu mbaya zaidi. Darasa lilikuwa limenichangia. Nilisema karo imenilemea, wakafanya harambee ndogo kwenye kundi la WhatsApp, wakapata 6,500. Nilisema asante, nikaweka emoji za mikono, na wiki tatu baadaye nikatoka kwenye kundi usiku wa manane, kimya kimya, kama mwizi wa mahindi.

Nilikuwa na marafiki wawili wa dhati pale chuo. Nitawaita Prezo na Jirani. Prezo ndiye alikuwa kiongozi wa darasa letu, ndio maana ya jina. Jirani tulikaa hosteli moja, ukuta kwa ukuta, tukikopana chumvi na jiko. Mwezi huo wote wawili walikuwa Nairobi kwa atachimenti, wanakaa bedsita moja Kawangware. Siku moja Prezo akanitumia ujumbe, wa kwanza baada ya muda mrefu: "Kuna tenisi ya mataifa Nairobi Club, karibu na kazini kwetu. Wewe si hupenda Okutoyi? Kuja."

Kweli nilimpenda Okutoyi. Nani wa umri wetu hakumpenda? Angella Okutoyi alilelewa na nyanya yake pamoja na pacha wake Roselida, baada ya mama yao kufariki. Julai 2022 akaenda Wimbledon, akacheza fainali ya wasichana ya wawili wawili na mwenzake Mholanzi, Rose Marie Nijkamp. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, halafu wakamaliza 11-9 kwenye zile pointi za mwisho za roho mkononi. Hakuna Mkenya alikuwa amewahi kushinda taji la Grand Slam kwa vijana. Mimi niliiona kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikapiga kelele hadi mwenye ploti akatoka nje.

Kwa hivyo nikamwambia mama naenda Nairobi. Hakuuliza tenisi. Alisikia jina la Prezo tu, akafurahi. Jioni akanishikia jogoo, akamweka kwenye katoni lenye matundu. "Mpelekee huyo mtoto," akaniambia. "Si ndiye anakuwekea noti za shule?"

Manze. Nilibeba huyo jogoo usiku wote, Kisumu, Kericho, Nakuru, na kila akiwika abiria wanacheka, lakini mimi nilikuwa nasikia kama ananitaja kwa jina.

Mashindano yenyewe yalikuwa Billie Jean King Cup, kundi la tatu la Afrika. Ni kama kombe la mataifa la tenisi ya wanawake. Nchi mbili zikikutana zinacheza mechi tatu: mbili za mmoja mmoja, ya tatu ya wawili wawili. Baadhi ya wachezaji ni watu wa kazi hiyo, ambao wiki nyingine utawasikia Tunisia au Misri wanatafuta pointi za kimataifa. Na hapo nilikuwa sijui kitu. Nilidhani mchezaji wa kulipwa wa tenisi ni tajiri. Kumbe kule chini, mashindano mazima yanaweza kuwa na zawadi ya dola 15,000, zinagawanywa kwa wote, na kila mtu ajilipie ndege, chakula na mwalimu. Droo ya watu 32 ina mshindi mmoja. Hesabu mwenyewe: wengine 31 wanapanda ndege wakiwa wamepoteza. Jumatatu wanaanza tena kwingine.

Kitu cha kwanza kilichonishtua pale klabu ni kimya. Mpirani Bukhungu ukinyamaza unaulizwa kama uko mgonjwa. Hapa mtu akikohoa anaangaliwa. Huruhusiwi kutembea ovyo mpaka wachezaji wabadilishe upande, na hiyo ni baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo. Simu yangu, ile ile ya karo, ikalia katikati ya pointi. Mwamuzi akanitazama. Jirani akajifanya hanijui.

Kitu cha pili ni kasi. Kwenye video mpira unaonekana kama unaelea. Ukiwa karibu na wavu unasikia raketi kama mtu anapasua kuni, na mpira umeshapita. Nairobi pia iko juu sana, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na mpira unapaa. Wageni wengi walikuwa wanapiga nje, halafu wanaangalia raketi zao kama zimewasaliti.

Pahali Kenya ilikuwa inacheza pamejaa, tukaenda kiwanja cha pembeni. Huko kulikuwa na wasichana wawili wa nchi nyingine mbili, na watazamaji labda kumi na watano. Sitataja nchi, juu sikuandika jina la mtu na sitaki kudanganya. Mmoja alikuwa amefungwa bandeji kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa amepoteza seti ya kwanza, ya pili anaongozwa. Kila akikimbilia upande wa kushoto unaona uso unakunjamana.

Mimi nikatoa simu. Hiyo ndiyo akili ya mtengeneza kontenti, siitetei. Nikamvuta karibu kabisa, nikarekodi uso. Kichwani nilikuwa nimeshapata maneno ya kuweka juu ya video: "Venye nilitoka chuo." Nilijua itachekesha.

Akaomba msaada, daktari akaja, akamfunga upya. Akarudi, akacheza pointi mbili, ya tatu hakuikimbilia hata. Akasimama. Halafu akafanya kitu ambacho bado nakiona nikifunga macho. Alienda kwa mwamuzi akasema maneno machache. Akatembea, akichechemea, mpaka wavuni. Mpinzani wake akaja, wakashikana mikono, wakakumbatiana. Akampa mwamuzi mkono. Akaenda kwenye benchi, akapanga raketi zake kwa mfuko moja moja, polepole, kama mtu anayekunja nguo za kanisa. Watu kumi na tano tukapiga makofi.

"Sasa wataandika nini?" nikamuuliza Prezo.

"Wataandika amejiondoa. Iko hivyo kwa rekodi. Si aibu, ni neno tu. Lakini lazima uende wavuni."

Sijui kama alinilenga. Saa moja baadaye tulimwona yule msichana amekaa na barafu mguuni, anapigia kelele wenzake kwenye mechi ya wawili wawili. Sauti imekauka. Alikuwa amejiondoa kwenye mechi yake tu. Kwa watu wake alikuwa bado yupo.

Nikaangalia ile video yangu. Maneno yalikuwa uongo. Hivyo sivyo nilivyotoka chuo. Yeye alienda wavuni. Mimi nilitoka kwenye kundi usiku wa manane.

Jioni tukamchinja jogoo. Jirani akasonga ugali, bedsita ikajaa mvuke, majirani wa Kawangware wakajua kuna mgeni kutoka Magharibi. Tulipokuwa tunanawa mikono nikasema. Nilisema yote haraka: sirudi Septemba, simu ni karo, na ile harambee sikuilipia chuo.

Prezo hakushtuka. "Najua kutoka Februari. Mimi ndiye nilikuwa napeleka orodha ya darasa. Nilikuwa nangoja useme."

Jirani hakuwa mpole hivyo. Aliweka sahani chini. "Mimi nilitoa 1,000. Wiki hiyo nilikula githeri asubuhi na jioni. Unajua?"

Sikujua. Nilikuwa nimeona jumla, 6,500. Sikuwahi kuona githeri ya mtu.

Hakuna mtu alinikumbatia. Tulikula kuku wa mama kimya, kimya kama cha kiwanjani, na nyama ilikuwa tamu kwa namna iliyonifanya nijisikie vibaya zaidi. Asubuhi Jirani alinisindikiza stejini, akaniambia kitu kimoja tu: "Ukifika nyumbani, mwambie mama. Usipomwambia, usinipigie."

Nilimwambia siku ya pili. Alikuwa jikoni anachambua omena. Nilisimama mlangoni kwanza, juu mlango ni karibu na kutoroka, halafu nikaingia nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Ndiyo hii simu?" Akaichukua, akaigeuza, akanirudishia ikiwa na magamba ya omena. Halafu akasema: "Ungeniambia Januari ningekupiga. Umeniambia Juni, nimeshachoka kupiga."

Kumbe alikuwa bado anaweka pesa za chama kwa sababu ya Septemba yangu. Kila wiki. Pesa hizo zikaenda kwa dada yangu mdogo wa sekondari. Mama hakuniongelesha vizuri kwa wiki mbili. Niliilipa ile harambee kidogo kidogo kwa M-Pesa, mtu mmoja mmoja. Jirani alikuwa wa mwisho, mwaka uliofuata. Alinijibu kwa neno moja: "Imefika." Siku hizi tunaongea. Sio kama zamani, lakini tunaongea.

Ile video niliifuta. Mtu alipie ndege yake, avunjike mguu mbele ya watu kumi na tano, halafu mimi nimfanye kichekesho cha Lurambi? Hapana.

Najua kuna mwenye atasema natukuza kuacha shule. Sitaki hiyo. Kama uko ndani na unaweza kumaliza, maliza. Mimi kuna siku nikipita barabara ya Webuye, nikiona wanafunzi wa mwaka wa kwanza na mabegi yao mapya, tumbo linakaza. Sijui kama nilifanya vizuri kuacha. Ninajua nilifanya vibaya kujificha, na ninajua kujificha ndiko kulikula pesa za mama, si kuacha. Kuacha kuligharimu muhula mmoja. Uongo ulichukua kila wiki ya chama mpaka Juni.

Na kupoteza si mwisho, lakini sitaki kuwaimbia wimbo huo bila ushahidi. Kumbukeni ile fainali ya Wimbledon, 11-9. Upande uliopoteza ulikuwa na wasichana wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Wazazi wa Mboko walitoka Kongo. Agosti 2025 huyo Mboko alimshinda Naomi Osaka kwenye fainali ya Montreal, akachukua mojawapo ya mashindano makubwa ya wanawake duniani, mbele ya watu wa nyumbani. Okutoyi naye Machi 2024 alibeba dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Wote wawili wamepoteza mechi nyingi katikati ambazo hakuna aliyeziwekea muziki.

Kwa hivyo kama kuna kitu umeacha na hujasema, iwe shule, kazi, au mtu, tafuta wavu wako uko wapi. Wangu ulikuwa na omena.

Acapulco bado iko kwenye orodha. Juzi nilimwonyesha mama picha za kiwanja cha usiku, nikamwambia siku moja nitaenda huko kusalimia marafiki. Akaangalia vizuri, akauliza, "Na huko kwa ndege wanakubali kuku?"